Probox Iliyogoma Muhuru

Ushuhuda huu nimeutoa kanisani mara kadhaa kwa ufupi. Watu husema amina, nami nikaketi. Lakini kanisani hakuna nafasi ya kueleza habari za dramu na kebo, na mimi naamini msaada wa Mungu ulinifikia kwa njia hiyo hiyo ya dramu na kebo. Kwa hiyo hapa nitasimulia yote. Najua yupo mtu huko Sori, au Mbita, au Usenge, ambaye gari lake limesimama uani, ameambiwa limekufa, na sasa anatafuta mnunuzi wa vyuma chakavu. Ndugu yangu, subiri kwanza unisikilize.

Mimi ni mchuuzi wa omena hapa Muhuru Bay, katika eneo bunge la Nyatike, kaunti ya Migori. Nimeolewa huku. Kwetu ni Karungu, ndiyo maana wazee wananiita nyar Karungu. Marehemu mume wangu aliniachia watoto, nyumba ya mabati karibu na ufuo, na Toyota Probox ya rangi ya fedha ambayo aliinunua baada ya miaka mingi ya kujinyima. Toyota ilianza kuunda Probox mwaka wa 2002 kwa ajili ya mizigo midogo ya maduka na kampuni za Japani. Huku kwetu ndiyo matatu, ndiyo lori, na usiku mama akishikwa na uchungu wa kujifungua ndiyo ambulensi. Abiria hukaa mbele na katikati, magunia ya omena yakajazwa nyuma na mengine yakafungwa juu kwenye keria, safari ikaanza kuelekea Migori.

Mchuuzi asiye na usafiri huku ni mtumwa wa watu wengi. Mwenye gari humpangia bei, na bei hiyo humwamulia samaki wake watauzwa soko gani. Nilipokuwa na Probox niliweza kulala nikijua nitakachobaki nacho kesho. Hiyo ndiyo heshima ambayo mume wangu aliniachia, na ndiyo sababu nililia kwa ajili ya gari kama watu wanavyolia kwa ajili ya mtu.

Mwaka wa 2020 shida zilikuja zimefuatana. Katikati ya Machi shule zilifungwa kwa sababu ya korona. Tarehe 27 Machi kafyu ikaanza, saa moja jioni mpaka saa kumi na moja alfajiri, na biashara ya omena ni biashara ya alfajiri. Mashua hutoka usiku wa giza na taa zao, zinarudi kabla jua halijachomoza, na mwenye gari anatakiwa awe ufuoni wakati huo. Aprili ikafika, mwanzo wa miezi ambayo uvuvi wa omena hufungwa kwa kawaida mpaka mwisho wa Julai ili samaki wazaane. Mei serikali ikafunga mpaka wa Tanzania kwa abiria, wale watu wa Kirongwe waliokuwa wakivuka kuja Muhuru na kupanda gari letu kwenda Migori wakakatika. Dereva wangu aliiegesha Probox uani, akavuta hendibreki mpaka mwisho kwa kuwa uwanja wetu unateremka kuelekea ziwani, akanikabidhi ufunguo kwa mikono miwili na kurudi kwao Rongo. Alifanya kama dereva yeyote makini angefanya.

Halafu maji. Ziwa lilipanda mwaka ule mpaka kufikia kiwango ambacho wazee walikuwa wakikisimulia tu, kile cha mwaka wa 1964. Mto Kuja ulivunja kingo zake huko Nyatike chini na familia nyingi zikahama. Kwetu maji yaliingia uani polepole, yakazunguka gari, yakakaa kwenye magurudumu ya nyuma ambayo ndiyo yaliyoelekea ziwani. Yaliposhuka yaliacha mstari wa tope katikati ya tairi. Tuliosha ubavu wa gari, tukashukuru kwamba injini haikuguswa, na hatukufikiria zaidi ya hapo.

Agosti mashua zilianza tena kutoka. Mimi sikuwa na dereva wala pesa za bima, kwa hiyo nilipakia magunia yangu kwenye gari za watu. Nauli ilikula faida. Deni la chama lilikuwa limesimama tangu Aprili na akina mama wenzangu, ambao nao walikuwa na njaa zao, walianza kuniuliza kwa upole, kisha bila upole. Ndipo mwanzoni mwa Oktoba serikali ikatangaza kwamba wanafunzi wa gredi ya nne, darasa la nane na kidato cha nne warudi shuleni Jumatatu tarehe 12. Binti yangu mkubwa alikuwa kidato cha nne, shule ya bweni. Tulipewa siku chache tu za kutafuta karo, sabuni, barakoa na nauli.

Nikaazima betri kwa jirani, na dereva wangu akaja kutoka Rongo. Injini ilinguruma kwa mara ya pili ya kuwasha, na watoto wakashangilia. Dereva akaweka giya ya kwenda mbele, akashusha hendibreki, akaondoa mguu kwenye breki. Gari halikwenda. Akaongeza mafuta kidogo. Likajikaza, likatetemeka, likajiburuta hatua moja kama ng'ombe anayevutwa kwa kamba, likasimama. Akajaribu giya ya kurudi nyuma, hali ikawa ile ile.

Fundi wa kwanza tuliyemwita aliliwasha, akaweka giya, akatikisa kichwa. Giaboksi imekufa, akasema, maji yameingia. Bei aliyoitaja ya giaboksi ya mtumba, pamoja na kuileta na kuifunga, ilizidi faida ya msimu wangu mzima. Jioni ile shemeji yangu alikuja na mtu wa vyuma chakavu. Sitaki kumsema vibaya shemeji. Alikuwa ananihurumia kwa dhati. Aliniambia, "Shemeji, gari ni chuma tu. Uza, mtoto aende shule. Mengine tutayaona." Yule mnunuzi alizunguka gari akipiga bodi kwa kidole, akataja pesa ambazo zingetosha karo ya muhula na kubaki kidogo. Nikamwambia nitamjibu kesho.

Usiku ule niliomba. Sikuomba pesa. Niliomba mtu ambaye angeniambia ukweli, hata kama ukweli wenyewe ni kwamba gari limekwisha.

Asubuhi nilishuka ufuoni. Pale kuna mzee anayetengeneza injini za mashua, zile Yamaha zinazofungwa nyuma ya boti. Ametumia maisha yake kufungua nati zilizoshikwa na kutu. Nilimsalimia, nikamweleza, naye hakuacha kazi yake, aliniuliza tu swali moja.

"Nyar Karungu, mkiweka giya na kukanyaga mafuta, injini inapaa kwa kelele au inazama?"

"Inazama, jaduong'. Inakaribia kuzimika."

"Basi giaboksi yako inafanya kazi. Giaboksi ikifa, au eksili ikikatika, injini hupiga kelele bure na gari halina habari. Lako lina nguvu. Kuna kitu kimelishika."

Nilihisi miguu ikilegea. Kwa siku zile zote hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba gari kugoma ni mambo mawili tofauti. Ama nguvu haifiki kwenye magurudumu, ama nguvu inafika lakini magurudumu yameshikwa. Kutoka nje yanafanana kabisa, kwa maana gari limesimama. Lakini la kwanza linaweza kukugharimu giaboksi, na la pili mara nyingi ni kazi ya jioni moja na vipuri ambavyo mchuuzi anaweza kuvimudu.

Alikuja mchana na nyundo, spana, kipande cha mbao ngumu na chupa ya dizeli. Kabla ya kugusa chochote alichuchumaa akatazama ardhi. Pale gari lilipojiburuta, magurudumu ya mbele yalikuwa yameacha alama za meno ya tairi, zimepangika vizuri, zile za gurudumu linalozunguka. Ya nyuma yalikuwa yameacha mifereji miwili laini. Alinionyesha kwa kidole. Magurudumu ya nyuma hayakuwa yamezunguka hata kidogo, yalikuwa yamekokotwa. Kisha akaweka giya huru, akashusha hendibreki, akawaomba vijana wanne wasukume. Gari halikutikisika. Gari lenye giaboksi mbovu, alisema, wangelisukuma wakicheka.

Kwenye Probox, kama kwenye magari mengi ya aina yake, breki za mbele ni za diski na za nyuma ni za dramu. Dramu ni bakuli la chuma linalozunguka pamoja na gurudumu. Ndani yake kuna shuu mbili zilizopinda, zimevikwa lainingi, na ukikanyaga breki zinatanuka na kubana ukuta wa bakuli. Hendibreki haina mafuta wala haihusiani na kanyagio. Ni kebo za chuma zinazopita chini ya gari ndani ya mirija na kuvuta shuu hizo hizo za nyuma. Kwa hiyo gari lililoegeshwa miezi huku hendibreki imevutwa ni gari ambalo lainingi zimebanwa kwenye chuma kitupu muda wote huo. Ongeza maji ya ziwa, na kutu hujenga gundi kati yao. Unashusha hendibreki kule ndani, taa ya kwenye dashibodi inazimika, unaamini umeachilia. Huku nyuma hakuna kilichoachia.

Aliweka mawe makubwa mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele, akainua upande mmoja wa nyuma kwa jeki, na papo hapo akasukuma gogo nene chini ya eksili. Hakukubali mtu yeyote aingize mkono kabla ya gogo kukaa. Mawe, alisema, hupasuka ghafla; mbao hulia kwanza. Nayaandika haya kwa sababu jeki inayoteleza haina huruma, na vijana wetu wengi huingia chini ya gari kwa kuiamini jeki peke yake.

Gurudumu la kulia lilizunguka kwa shida, likikwaruza. La kushoto halikuzunguka hata kwa mikono ya watu wawili. Tofauti hiyo ilimfurahisha. Aliingia ndani ya gari, akafungua kifuniko kilicho chini ya mkono wa hendibreki, akalegeza nati inayokaza kebo. Gurudumu la kulia likaachia palepale. Hapo ugonjwa wa kulia ukajulikana, kwamba kebo ilikuwa imeota kutu ndani ya mrija wake, inavutwa lakini hairudi. La kushoto bado lilikuwa jiwe. Akapaka dizeli kwenye nipeli ya breki, ile nati ndogo iliyo nyuma ya gurudumu ambayo mafundi hufungua ili kutoa hewa, akangoja, akaifungua taratibu. Matone machache ya mafuta yakatoka, gurudumu halikubadilika. Akaifunga tena. Kama shinikizo la mafuta ya breki ndilo lililokuwa limeshika, alinieleza, kufungua hapo kungeliachia. Halikuachia, kwa hiyo mshikaji alikuwa ndani ya dramu yenyewe.

Sasa ndipo kazi ilipoanza. Alitoa gurudumu, akagonga dramu kwa nyundo kuzunguka pembeni, mbao ikiwa katikati ili chuma kisipasuke. Aligonga kama mtu anayesikiliza, akisimama kila baada ya mapigo machache. Dramu za gari hili zina matundu mawili madogo yenye meno ya skrubu. Watu wengi hudhani ni matundu ya bure tu. Aliingiza bolti mbili humo, akazikaza kwa zamu, robo huku robo kule, na bolti zikaisukuma dramu kutoka kwenye kiti chake. Kulikuwa na dakika ambazo nilidhani meno yatakatika. Kisha mlio ukatoka, mkavu, na dramu ikaanguka mikononi mwake.

Lainingi ya shuu moja ilikuwa imebanduka kutoka kwenye chuma chake na kubaki imeganda kwenye ukuta wa dramu. Poda ya rangi ya tofali ilimwagika. Aliniambia nivae barakoa, naye akapandisha yake, kwa sababu vumbi la lainingi, hasa za zamani ambazo nyingine zilitengenezwa kwa asbesto, si la kuvuta puani wala si la kupulizwa kwa mdomo. Alililoanisha kwa maji ya sabuni na kulipangusa. Mwaka mzima tulivaa barakoa kwa kuogopa kitu tusichokiona. Siku ile nilikiona.

Shuu mpya na kebo hazikuwepo Muhuru. Kijana wa bodaboda alikwenda Migori alfajiri iliyofuata, akiwa amebeba shuu kuukuu ili zilinganishwe dukani. Pesa alinikopesha mama mmoja wa chama, yule yule aliyekuwa ananidai kwa ukali zaidi. Nilipomwonyesha dramu na lainingi iliyoganda ndani yake, aliitazama muda mrefu, akafungua kitambaa chake. Alisema deni la mtu mwenye gari analielewa, deni la mtu aliyeuza gari halielewi. Mwenyezi Mungu amlipe.

Mzee alifunga shuu mpya pande zote mbili, hata upande uliokuwa na nafuu, kwa sababu breki zisizolingana huvuta gari kando unapokanyaga kwa nguvu. Alisugua dramu kwa msasa mpaka ikang'aa, akabadilisha kebo, akatoa hewa kwenye mafuta ya breki. Hakuruhusu mtu apande. Kwanza dereva aliendesha uani polepole na kusimama, kwenda na kusimama, kisha kwenye barabara tambarare, kisha akashuka kushika kila gurudumu kwa kiganja. La nyuma kushoto lilikuwa na joto kuliko mengine. Akalegeza kidogo kirekebishi cha shuu, wakazunguka tena, joto likalingana. Kiganja ni kipimo kizuri, bora usiguse chuma chenyewe. Ukisogeza mkono tu, gurudumu linaloshika breki utalijua kwa joto lake na harufu yake.

Mzee hakuniruhusu niondoke kabla ya kunifundisha namna ya kuegesha. Gari likikaa zaidi ya siku chache karibu na ziwa, acha hendibreki chini. Weka giya ya kuegeshea, au giya ya kwanza kama ni la klachi, zuia magurudumu kwa vipande vya mbao, na kila baada ya siku kadhaa lisogeze mbele na nyuma ukikanyaga breki. Sasa nafanya hivyo kila Aprili.

Elimu ile imetumika pia kwa wengine. Siku moja upande wa Macalder tulikuta gari la abiria limesimama katikati ya barabara, magurudumu ya mbele yananuka kama mpira ulioungua. Dereva alisema lilikuwa zuri asubuhi, halafu likaanza kuwa zito, mpaka likagoma. Hilo halikuwa limelala kwenye maji, wala hendibreki haifiki mbele. Dereva wangu alimwambia alipoeze kwanza, kisha akafungua nipeli ya gurudumu moja la mbele kwa uangalifu. Mafuta yalifyatuka kwa nguvu na gurudumu likazunguka. Maana yake shinikizo lilikuwa limenaswa, linaingia lakini halirudi. Kwa maswali machache ikajulikana kwamba jana yake mtu alikuwa ameongeza oili ya injini kwenye chupa ya mafuta ya breki. Oili hiyo huvimbisha mipira iliyomo ndani ya masta silinda na kwenye gurudumu, na mpira uliovimba huziba njia ya mafuta kurudi. Kufungua nipeli kulimwezesha kutoa gari barabarani, basi. Mipira yote ilipaswa kubadilishwa na mfumo wote kusafishwa. Dereva yule alitaka aendelee na abiria mpaka Migori. Nilikataa, nikasema kwa sauti ambayo sikujua ninayo, kwamba breki iliyoshika leo inaweza kukosa kabisa mlimani. Tulipakia abiria wake kwetu kwa zamu, magunia yangu yakasubiri.

Lakini nirudi kwenye Oktoba ile. Shemeji alikuja Jumapili kabla ya shule kufunguliwa. Alikuta gari limeoshwa na sanduku la binti limefungwa kwenye keria. Alizunguka nyuma, akapiga tairi kwa mguu, akaniuliza ilikuwaje. Nikamletea lainingi ile iliyobanduka. Aliigeuza mikononi, akasema, "Na giaboksi?" Nikamwambia giaboksi haikuwahi kuugua. Alikaa kimya, kisha akatoa noti mfukoni na kumpa mtoto ya kununulia sabuni.

Tarehe 12 Oktoba tuliondoka Muhuru mapema, mara tu kafyu ilipoisha. Binti yangu aliketi mbele, magunia sita ya omena nyuma. Omena zililipa sehemu kubwa ya karo siku ile ile pale soko la Migori, na sehemu iliyobaki tuliahidi na kuilipa Novemba. Alifanya mtihani wake wa KCSE Machi na Aprili mwaka wa 2021. Mzee alikataa pesa zaidi ya gharama ya dizeli na chakula, kwa hiyo hadi leo usiku wa giza ukiwa mzuri hupelekewa ndoo ya omena mbichi kabla sijapima kilo hata moja ya kuuza. Yule mama wa chama nilimlipa kwanza, kisha chama chenyewe, na deni la mwisho nililimaliza wiki moja kabla uvuvi haujafungwa tena.